Haki ya mnunuzi isife pamoja na dhamana

Mtu anayeingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Korogwe, au Chanika mjini Handeni, au pale Mkata penye barabara kuu iendayo Dar es Salaam, si ajabu akaliona tangazo fupi lililoandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa ukutani nyuma ya mwenye duka, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo limekaa kwetu muda mrefu hata limepata heshima ya sheria. Mwalimu anayefundisha somo la uraia, karani wa halmashauri anayeandika barua za serikali kila siku, na bwana shamba aliyezoea kusoma nyaraka, wote hulisoma na kunyamaza. Na pale ambapo muuzaji ni mwungwana akatoa kadi ya dhamana ya miezi 12, heshima ile ile huhamia kwenye kadi. Siku ya 366 ikifika, mnunuzi hujiona hana tena la kusema, hukibeba kifaa chake kilichokufa hadi kwa fundi wa kibandani, na fundi akishindwa hukiweka juu ya kabati.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba imani hiyo haina msingi katika sheria za nchi yetu, na kwamba kuendelea kuinyamazia ni kuruhusu unyonyaji wa namna ya kisasa upite mlangoni huku tukiufungulia. Yafaa ieleweke mapema kwamba hatuzungumzii anasa za wachache. Simu, televisheni, redio, taa na betri za jua, jokofu la kuhifadhia maji na mboga katika joto la bonde la mto Pangani, hivi leo ni vyombo vya kazi na vya maisha ya wakulima na wafanyakazi, yaani watu wale wale ambao jembe na nyundo vya bendera ya Chama vinawawakilisha.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi katika mojawapo ya kata za mbali za Handeni, tuseme Kwamsisi au Sindeni. Mshahara wake hupita benki, na juu ya mshahara huo amechukua mkopo wa miezi 36. Sehemu ya mkopo imeezeka nyumba, sehemu imelipa ada ya mtoto, na shilingi 600,000 zimenunua televisheni Korogwe. Dhamana ni mwaka mmoja. Katika mwezi wa 14 kioo kinaingia giza, sauti ikibaki peke yake kama redio. Fundi anafungua, anatazama, anasema taa za ndani ya kioo zimekufa na sehemu ya ubao imeungua, na kwamba akiagiza kioo kingine Kariakoo gharama itakaribia bei ya televisheni nzima. Mwalimu anarudi nyumbani. Mwisho wa mwezi makato yanakatwa kama kawaida, na yataendelea kukatwa kwa miezi 22 zaidi kwa ajili ya kitu ambacho sasa kinatumika kuwekea kitambaa cha kufumwa.

Benki haikukosea, kwa maana ilitoa fedha nayo inarejeshewa fedha. Kanuni za utumishi nazo zinamlinda mwalimu huyu kwa kiasi chake, kwa kutaka makato yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Hata muuzaji amelindwa, kwani amelipwa taslimu siku ya kwanza. Katika shughuli nzima aliyebaki bila kinga ni yule aliyetoa jasho. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kwamba mtu mmoja aishi kwa jasho la mwingine. Sioni sababu ya kulikataa jambo hilo likifanywa na mwenye shamba na kulikubali likifanywa na kiwanda kilichoko ng'ambo kwa kutumia kadi ya karatasi.

Wapo pia wanaopata simu kwa malipo ya kila siku au kila wiki. Mnunuzi akichelewa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali isitumike hadi alipe. Uhodari huo wa kiufundi ni wa kustaajabisha. Lakini mtambo unaoweza kumfikia mkulima wa Magoma na kuifunga simu yake mkononi haujapewa kitufe cha kumfunga muuzaji pale simu inapokufa kabla ya deni kwisha. Deni linasimama, na mdaiwa akikosa njia nyingine hukimbilia mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, jina ambalo halihitaji mfasiri.

Hali ya mkulima wa Handeni ni nzito zaidi, kwa sababu ile ni nchi ya ukame. Fedha iliyonunua paneli ya jua na betri yake haikutoka benki. Imetoka kwa mbuzi waliopelekwa mnadani, au kwa magunia ya mahindi ya mwaka mmoja mzuri uliokuja baada ya miaka kadhaa mibaya. Ni kweli kwamba Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umepeleka nguzo za umeme katika vijiji vingi ambavyo hapo awali vilijua kibatari tu. Hata hivyo nyumba nyingi zilizo mbali na nguzo zinategemea jua. Mkulima huyo huambiwa dukani kwamba betri itadumu miaka mitano. Kabla mwaka wa pili haujaisha, taa zinafifia saa tatu usiku, na mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba anafunga daftari. Nani atamwuliza muuzaji? Na akiulizwa, atajibu nini zaidi ya kuonyesha kidole chake kwenye tangazo la ukutani?

Wasomaji wasidhani kwamba vifaa hufa mapema kwa bahati mbaya tu. Mwezi Desemba mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu duniani yalikutana mjini Geneva, Uswisi, yakaunda umoja wao ulioitwa Phoebus. Osram ya Ujerumani ilikuwamo, Philips ya Uholanzi ilikuwamo, na makampuni yaliyofungamana na General Electric ya Marekani yalikuwamo. Kabla ya hapo balbu nyingi ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Mabepari wale wakakubaliana kwamba balbu isizidi saa 1,000, wakaweka maabara ya kuzipima, na kiwanda kilichotoa balbu yenye kudumu kupita kiasi hicho kilitozwa faini. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji: faini kwa kosa la kutengeneza kitu kizuri! Umoja huo ulivunjika kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, si kwa sababu wenyewe walitubu.

Wala mambo hayo si ya zamani tu. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya simu za iPhone zenye betri zilizochoka. Ilijitetea kuwa ilitaka kuzuia simu zisizimike ghafla. Inawezekana, lakini wenye simu hawakuambiwa, na wengi walidhani simu imezeeka wakanunua nyingine, ilhali betri mpya ingetosha. Februari 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa kwa kosa la kutowaarifu wanunuzi. Ikiwa Wafaransa, wenye magazeti yao na mawakili wao, walifichwa kiasi hicho, mtu wa Kwamatuku amefichwa mangapi?

Sisemi kwamba kila kifaa kinachokufa kimeuawa na njama. Joto la Korogwe na vumbi la Handeni ni maadui wa kweli wa vyombo hivi. Umeme unaopanda na kushuka huchoma majokofu na televisheni nyingi, na ni kejeli ndogo ya historia kwamba jambo hilo hutokea katika wilaya yenye kituo cha kufua umeme cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964 juu ya mto huu huu wa Pangani. Tena tuseme kweli, wapo wanunuzi wanaochomeka jokofu bila kifaa cha kulinda umeme, wakaacha simu juani kwenye dashibodi ya basi, kisha wakaja kulia dukani. Mambo haya yote yanahitaji kupimwa na mtu anayejua, kisa kwa kisa. Kinachotendeka sasa ni kwamba hayapimwi kabisa, kwa kuwa kadi imeisha.

Basi sheria inasemaje?

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa ni mtoto wa sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, tuliyoirithi kutoka kwa utawala wao. Ndani yake limo sharti ambalo halihitaji kuandikwa katika risiti wala kutamkwa na muuzaji: kwamba mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani akiziuza, bidhaa hizo ziwe na ubora wa kustahili kuuzwa. Sharti hilo huhesabiwa kuwamo katika mapatano hata kama wote wawili walinyamaza. Jambo linalopimwa ni hali ya bidhaa siku ile ilipouzwa. Kwa hiyo kama televisheni ilitoka kiwandani na ubao uliochomewa vibaya, ukashika kwa miezi 13 kisha ukaachia, kasoro ilikuwamo siku ya kwanza, ingawa ilijificha. Huenda wakati wa kuirudisha bidhaa yenyewe umekwisha kupita. Lakini haki ya kudai fidia ni jambo jingine, nayo haipimwi kwa kadi ya muuzaji. Inapimwa kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, ambayo kwa madai ya mkataba imeweka miaka sita.

Dhamana ya miezi 12 ni ahadi ya nyongeza inayotolewa na mtengenezaji au muuzaji juu ya kile ambacho sheria imekwisha kumpa mnunuzi. Kuichukua nyongeza hiyo na kuigeuza kuwa mpaka wa haki yote ni sawa na mtu anayekupa kuku juu ya ng'ombe unaomdai, kisha kuku akifa anasema deni la ng'ombe limekwisha.

Wakazi wa Handeni na Korogwe walio Waislamu, nao ni wengi, hawahitaji kwenda Uingereza kulijua jambo hili. Katika fikihi ya biashara mnunuzi aliyekuta kasoro iliyofichika ana hiari ya kuvunja mauzo, na muuzaji anayejua kasoro akanyamaza anahesabiwa kuwa mdanganyifu. Neno letu la aibu limetokana na neno lile lile la Kiarabu lenye maana ya dosari ya kitu. Tumebaki na aibu ya mtu tukaisahau ya bidhaa.

Ni kweli kwamba sheria ile ya 1893 ilikuwa na ufa. Iliruhusu pande mbili kukubaliana waziwazi kwamba masharti haya yasiwepo, na mwenye nguvu daima hupata njia ya kumfanya mnyonge akubaliane. Waingereza wenyewe waliuziba ufa huo kwa manufaa ya wanunuzi wa kawaida mwaka 1973. Sisi tulichelewa, lakini hatukulala moja kwa moja. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ina sehemu nzima inayohusu masharti yanayochukuliwa kuwamo katika mikataba ya walaji, na nyingine inayohusu wajibu wa mtengenezaji. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu miaka ya 1970. Mamlaka ya Mawasiliano ipo. Mahakama zipo. Tatizo letu, basi, halianzii katika upungufu wa vyombo.

Linaanzia katika umbali. Mwalimu wa Kwamsisi anayetaka kudai shilingi 600,000 atasafiri hadi Chanika, pengine hadi Tanga au Dar es Salaam, ataomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, atalipa nauli na malazi, na atatakiwa athibitishe kwamba kasoro iliyomo ndani ya ubao wenye vipande vidogo kama chembe za mchanga ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Atathibitishaje? Fundi wa stendi hatapanda kizimbani. Mtengenezaji mwenye michoro na maabara yuko Asia. Katika hali kama hiyo mtu mwenye akili timamu huamua kunyamaza, na muuzaji anajua kwamba ataamua hivyo.

Tena linaanzia katika lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, hatua ambayo kila mzalendo aliifurahia. Chukua sasa kadi ya dhamana iliyomo ndani ya boksi la simu au redio iliyonunuliwa Korogwe. Utakuta Kiingereza kwa herufi ndogo, Kichina nyuma yake, pengine Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili, lugha ya mnunuzi, ya muuzaji, ya fundi na ya hakimu, hakimo mara nyingi. Jina la mwagizaji aliyeingiza bidhaa hiyo nchini halimo pia. Mapatano gani haya ambayo mmoja wa wahusika hawezi kuyasoma na mwingine hajulikani anakoishi?

Na kuna risiti. Serikali imekuwa ikiwahimiza wananchi kwa miaka mingi kwamba ukiuza utoe risiti na ukinunua udai risiti, na watumishi wa umma wamelitii agizo hilo kuliko watu wengine. Lakini risiti inayotoka katika mashine za kielektroniki huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini ambayo wino wake si wino. Iweke ndani ya pochi, katika hali ya hewa ya Korogwe, na baada ya miezi michache utatoa karatasi nyeupe. Ushahidi wa mnunuzi unafutika kabla ya dhamana, sembuse miaka sita ya Sheria ya Ukomo. Kila anayesoma makala haya na aliyenunua kifaa cha maana mwaka huu aipeleke risiti yake ikatolewe nakala leo, aandike juu ya nakala hiyo namba ya kifaa, aibane pamoja na kadi.

Upo mfano mmoja wa hivi karibuni unaoonyesha kwamba dola ikitaka inaweza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchi nzima, kila moja kwa namba yake. Mimi niliiona hatua ile kuwa sahihi, na bado naiona hivyo. Lakini hasara ya simu zile ilibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa walionunua, watu ambao wengi wao hawakujua bandia ni ipi na halali ni ipi, huku fedha zao zikiwa zimekwisha ingia katika mifuko ya waagizaji. Tulikuwa na uwezo wa kukitambua kila kifaa. Hatukuutumia uwezo huo kumtambua aliyekileta.

Wazee wa Handeni wanaokumbuka redio za miaka ya 1970 husema kwamba vyombo vya zamani vilikuwa vigumu kufa. Kuna ukweli, na kuna pia utamu wa kukumbuka ujana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio nyingi za wakati ule ziliunganishwa humu humu nchini, Dar es Salaam na Arusha. Fundi akiifungua alikuta ndani vitu anavyovijua kimoja kimoja, akabadilisha kilichoungua kwa kipande kipya na risasi ya kuchomea. Hayakuwa maisha ya peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupata betri za redio hiyo kulihitaji foleni au mlanguzi. Ila mtu aliyekuwa na redio iliyoharibika alijua kwamba inatengenezeka, na hilo lilikuwa sehemu ya bei aliyolipa.

Mafundi wa leo si wajinga kuliko wale. Ukipita kwenye vibanda vya Korogwe utawaona vijana wenye miwani ya kukuza wakitafuta njia ya umeme juu ya ubao mdogo kuliko kiganja, wakifanya kazi ambayo aliyekitengeneza kifaa hakutaka ifanyike. Hawana mchoro. Hawana kipuri halisi, wana kile kilichong'olewa katika maiti ya kifaa kingine. Betri imegandishwa kwa gundi ili isitoke. Kijana huyo akifaulu, ameokoa mshahara wa mtu, na ameizuia sumu ya betri isitupwe katika jalala la kijiji. Akishindwa analaumiwa yeye.

Jambo hili linawahusu walimu kwa namna ya pekee tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 vilipogawiwa walimu wa shule za umma. Ulikuwa uamuzi wa busara, chombo kimoja kufanya kazi mbili. Lakini betri ya lithiamu huanza kupoteza nguvu baada ya kuchajiwa mara mia chache, hata ikitunzwa kama yai, na kishikwambi cha mwaka 2022 hakina tena ujana. Kikizimika, mwalimu mkuu atakipeleka wapi, na kwa kifungu gani cha fedha? Serikali ni mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Inaponunua vyombo kwa maelfu ina nguvu ambayo mwalimu mmoja hana, ya kumwambia muuzaji kwamba bila ahadi ya vipuri na mafundi kwa miaka kadhaa katika kila mkoa hakuna zabuni. Nguvu hiyo ikitumika kwa ununuzi wa umma, waagizaji watalazimika kuweka ghala la vipuri, na ghala hilo litamfaa hata mnunuzi binafsi.

Nimewasikia wenye maduka wakijitetea, na haki inadai wasikilizwe. Muuzaji wa Chanika si bepari wa Geneva. Anapanda basi hadi Kariakoo, ananunua televisheni tano kwa fedha taslimu, anazisafirisha kwa gharama zake, na faida yake kwa kila moja ni ndogo. Aliyemwuzia Kariakoo hakumpa dhamana yoyote. Ukimbebesha yeye peke yake mzigo wa kasoro za kiwandani, atafunga duka, na watu wa Handeni watarudi kusafiri hadi Tanga kwa kila balbu. Hoja hiyo ni nzito. Jibu lake ni kwamba mzigo upande ngazi hadi juu: mnunuzi amdai muuzaji, muuzaji amdai wa jumla, wa jumla amdai mwagizaji, na mwagizaji, ambaye jina lake liko katika hati za forodha, ndiye amfuate mtengenezaji. Muuzaji mdogo akilindwa hivyo, hatakuwa tena na sababu ya kulitundika lile tangazo lake.

Nchi nyingine zimekwisha kutembea njia hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imeitaja haki ya mlaji kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mwaka 1999 wajibu wa muuzaji wa miaka miwili, na mwaka 2024 zikapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kutengeneza baadhi ya vifaa hata baada ya muda wa dhamana. Norway inatoa miaka mitano kwa bidhaa zinazotarajiwa kudumu. Jambo la maana zaidi katika sheria za Ulaya, kwa maoni yangu, ni kwamba katika kipindi cha mwanzo kasoro ikitokea huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya mauzo, na ni kazi ya muuzaji kuonyesha kwamba mnunuzi ndiye aliyeharibu. Sharti hilo moja likiingizwa katika sheria yetu kwa miaka miwili ya kwanza, mwalimu wetu wa Kwamsisi hatahitaji tena kuwa mhandisi ili adai haki yake.

Marekebisho ya namna hiyo ni kazi ya Bunge, nayo huchukua muda. Yapo hata hivyo yanayoweza kufanyika kwa sheria zilizopo. Wizara inayohusika na biashara na Shirika la Viwango wanaweza kusisitiza kadi ya dhamana iwe kwa Kiswahili na iwe na jina na anwani ya mwagizaji. Halmashauri za Handeni na Korogwe, ya miji na ya wilaya, zina Maafisa Biashara ambao wananchi huwajua kwa leseni tu. Sioni kinachozuia maofisa hao kupokea malalamiko ya bidhaa na kuyapeleka Tume ya Ushindani, ili mtu asilazimike kuifuata Tume kwa nauli yake. Chama cha Walimu nacho, chenye wanachama karibu katika kila shule, kingeweza kukusanya habari hizo kupitia wawakilishi wake wa shule bila gharama kubwa.

Karatasi yenyewe haihitaji kuzidi ukurasa mmoja. Iandikwe aina ya kifaa na namba yake, siku kiliponunuliwa na duka kilikonunuliwa, siku kilipoharibika, maneno ya fundi aliyekifungua, na jina la mwagizaji kama limepatikana, ibanwe na nakala ya risiti. Karatasi moja ya namna hiyo muuzaji ataijibu kwa kusema kwamba mwalimu aliacha kifaa juani. Karatasi 40 za televisheni ya aina moja, zilizotoka Mombo, Magoma, Sindeni, Kabuku na Mkata, ambazo zote zinaeleza kioo kilichoingia giza kati ya mwezi wa 13 na wa 18, zitamlazimu mwagizaji aitwe mbele ya Tume na kuulizwa.